Jedwali la Yanonge na jicho linalolisoma

Tuseme umewekewa mbele yako jedwali la utafiti wa kaya kutoka Yanonge, senta ya mtoni katika teritwari ya Isangi, ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani kuelekea Yangambi. Kila mstari ni kaya moja. Safu moja inataja magunia ya makaa ambayo kaya imechoma kwa mwezi. Nyingine inataja siku ambazo kaya ilikula nyama ya porini katika juma lililopita. Unateremka na safu ya makaa: 10, 20, 10, 30, 20, 50, 10. Humo hamna 13 wala 27. Unahamia kwenye safu ya nyama: sifuri, sifuri, 1, sifuri, sifuri, sifuri.

Tanuri halitoi makaa kwa makumi. Namba hizo ni kazi ya kumbukumbu: mtu ameulizwa habari za mwezi mzima huku mikono yake iko kwenye mihogo, akakadiria. Sifuri za nyama nazo zina maelezo zaidi ya moja. Huenda kweli watu walikula samaki, kwa maana Walokele, watu wa mto huu, ni wavuvi tangu zamani na mto uko mlangoni. Huenda pia aliyeulizwa aliona fulana ya mradi wa mazingira kifuani mwa mwulizaji, akakumbuka kwamba kuna wanyama wanaolindwa na sheria, akaona heri amalize maneno. Haya kila mwanafunzi wa takwimu hufundishwa. Asichofundishwa ni lile linalotokea upande wa pili wa jedwali, ndani ya yule anayelisoma.

Kwa sababu kabla hajaandika amri ya kwanza kwenye programu, tayari kuna kitu kimempita moyoni. Ikiwa mradi wake ulimwahidi mfadhili kwamba ufugaji wa samaki na kuku utapunguza ulaji wa nyama ya porini, sifuri zile zimemburudisha. Ikiwa anaandika tasnifu kuhusu uwindaji uliopita kiasi, zimemuudhi, naye atazikagua moja moja, atampigia simu mwulizaji, atauliza fomu ilijazwa saa ngapi na mbele ya nani. Aliyeburudika hapigi simu. Wote wawili ni waaminifu, wote wawili wanajua takwimu, na hesabu zao zitakapofika kwenye ripoti zitakuwa zimetoka katika majedwali mawili tofauti. Uchambuzi umeshapinda, na hakuna aliyekokotoa hata wastani mmoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba hali ya nafsi ya mchambuzi ni sehemu ya vipimo vyake. Inastahili kutazamwa na kuandikwa kama tunavyoandika aina ya mizani, tarehe ya fomu na jina la kijiji. Sisemi hivi kama wasia wa tabia njema. Ni suala la ufundi, na katika bonde la Kongo, ambako namba za watafiti wachache huamua msitu upi ufungwe na mwindaji yupi anyang'anywe mitego, ni suala la haki pia.

Mazoezi ya utulivu wa akili yameenea sana siku hizi. Jon Kabat-Zinn alianzisha mpango wake wa kupunguza msongo wa mawazo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979. Alichota kwenye mapokeo ya Kibuddha, akayapeleka hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye maofisi yakayachukua, na leo mfanyakazi wa data huambiwa kwamba akikaa kimya dakika kumi na kufuata pumzi zake atachoka kidogo na kuzalisha zaidi. Sina ugomvi na pumzi. Kinachonihusu ni uwezo mmoja tu unaozoezwa humo: kuliona jambo linapokupita moyoni wakati lenyewe linapopita, kabla halijageuka uamuzi. Mchambuzi anauhitaji uwezo huo hata kama hana msongo wowote, pengine hasa siku ambayo hana, siku ambayo kila kitu kinakwenda kama alivyotarajia.

Kwamba maamuzi madogo yanaweza kugeuza jibu si dhana tu. Mwaka 2018 Raphael Silberzahn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpenzi yeyote wa mpira atalielewa. Walizipa timu 29 za wachambuzi data ileile ya ligi kuu za Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Hispania, na swali lilelile: je, marefa huwapa kadi nyekundu wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi kuliko weupe? Timu 20 zilikuta uhusiano wenye uzito wa kitakwimu, 9 hazikuukuta. Timu moja ilipata uwiano wa 0.89, yaani hakuna kitu. Nyingine ikapata 2.93, karibu mara tatu. Hakuna aliyedanganya. Mmoja aliingiza nafasi ya mchezaji uwanjani, mwingine hakuiingiza. Mmoja alichukua kila refa peke yake, mwingine akawachanganya.

Kuna jambo katika jaribio hilo linaloipa hoja yangu shida, nami nalitaja kwa sababu hiyo. Waandishi waliangalia kama imani za awali za wachambuzi zinaeleza tofauti hizo, wakaona hazizielezi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila mtu alipata alichotaka kupata. Lakini kumbuka mazingira: timu zile hazikuwa na mfadhili anayengoja jibu, zilionyeshana njia zao na kukosoana kabla ya kumaliza, na hakuna ambaye kazi yake ilitegemea matokeo. Mchambuzi wa Yanonge yuko peke yake na kompyuta yake. Ninachochukua hapo ni kwamba haitoshi kujiuliza "Naamini nini?" Lazima mtu ajitazame pale anapochagua, uamuzi kwa uamuzi, kwa kuwa njia hugawanyika mahali ambapo hata yeye hahisi kwamba amechagua kitu.

Kisangani yenyewe ina kisa cha aina hii kilicho kizito kuliko mpira, na inashangaza jinsi kinavyosimuliwa kidogo mjini humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Stanleyville, kulikuwa na kambi ya sokwe kando ya Mto Lindi, ambako wanyama hao walitumiwa katika utafiti wa chanjo ya polio. Chanjo hiyo, CHAT, ilitengenezwa na Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar huko Philadelphia, na kati ya 1957 na 1960 ilitolewa kwa watu takriban milioni moja katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alichapisha kitabu kinene, *The River*, akidai kwamba chanjo hiyo ilitengenezwa kwa seli za sokwe wa Lindi na kwamba ndiyo iliyowaingizia binadamu virusi vya UKIMWI. Aliyeandika dibaji ya kitabu ni W. D. Hamilton wa Oxford, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne ya 20, aliyeeleza mwaka 1964 kwa hesabu kwa nini mnyama hujitoa mhanga kwa ajili ya jamaa zake.

Hamilton aliipenda nadharia tete ile, na hakuficha. Mtu anaweza kusema: basi huyo ndiye mfano wa mwanasayansi aliyetekwa na moyo wake. Mimi naona kinyume. Januari 2000 alikuja Kisangani na vijana wawili, Michael Worobey na Jeffrey Joy, wakaingia msituni kukusanya kinyesi na mikojo ya sokwe wa porini. Sampuli zile zilikuwa na uwezo wa kumkanusha. Angeweza kubaki Oxford akaandika makala nyingine ya kutetea dibaji yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Akapata malaria safarini, akarudishwa London, akafariki tarehe 7 Machi 2000 akiwa na umri wa miaka 63.

Wakati huohuo upande wa pili nao ulikuwa na moyo wake. Wanasayansi wengi waliona dai la Hooper kuwa tusi kwa chanjo, wakahofia kwamba wazazi wa Afrika wangewanyima watoto wao matone ya polio. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hofu yenye msingi pia hupindisha macho: shehena za chanjo ya zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwenye majokofu ya Wistar, na muda ulipita zikijadiliwa kabla ya kupimwa. Matokeo yalitangazwa kwenye mkutano wa Royal Society, London, Septemba 2000, mkutano ambao Hamilton alikuwa ameupigania. Hazikuwa na virusi, na chembe za urithi zilizomo zilikuwa za nyani wa Asia, si za sokwe. Walioikataa nadharia walikuwa na haki. Hata hivyo walikuwa na haki hiyo kwa muda bila kuwa na kipimo hicho mkononi, na mchambuzi anayejitazama hujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Sampuli za Kisangani zilijibu mwaka 2004, katika jarida la *Nature*. Worobey na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kisangani Ndjango, Labama na Dhed'a, walionyesha kwamba sokwe wa huko kweli wana virusi vya jamii hiyo, ila ni tawi la mbali na VVU-1. Sokwe wa Kisangani hawawezi kuwa chanzo. Mwaka 2006 kundi la watafiti la Beatrice Hahn lilikielekeza chanzo kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun. Mwaka 2008 Worobey alitoa ushahidi mwingine: kwa kutumia kipande cha nyama ya mwili kilichohifadhiwa Kinshasa tangu 1960, alikadiria kwamba babu wa virusi hivyo alikuwapo kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, miongo kadhaa kabla ya chanjo yoyote ya polio.

Tazama mtu huyo alivyofanya. Alikuja Kisangani na mwalimu aliyeiamini nadharia, mwalimu akafa kwa ajili ya safari ileile, na kijana ndiye aliyeandika kwamba nadharia imekanushwa. Miaka mingi baadaye, Mei 2021, alikuwa miongoni mwa wanasayansi 18 waliotia sahihi barua katika jarida la *Science* wakitaka asili ya UVIKO-19 ichunguzwe kwa usawa, pamoja na uwezekano wa ajali ya maabara. Mwaka uliofuata uchambuzi wake mwenyewe ukaelekeza kwenye soko la Huanan, Wuhan, naye akausema hadharani. Unaweza kubishana na hitimisho lake, wengi wanabishana. Kinachonivutia ni kwamba mara zote mbili alianza kwa kuipa nafasi dhana ambayo wenzake hawakutaka kuisikia, kisha akaweka kipimo kinachoweza kumkatalia.

Huko ndiko kujitambua kazini. Wala si ubaridi. Shauku ndiyo iliyompeleka Hamilton msituni, na mtu asiye na shauku hafiki Yanonge, sembuse ndani ya msitu wa nyuma yake. Kinachotakiwa ni shauku ijulikane iko wapi, ili kipimo kisiwekwe chini ya ulinzi wake.

Charles Darwin alikuwa na desturi aliyoieleza katika tawasifu yake: kila alipokutana na jambo linalopinga hitimisho lake, aliliandika mara moja, kwa maana alikuwa amegundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka kichwani haraka kuliko yale yanayomuunga mkono. Desturi hiyo ni ndogo mno hata mtu anaweza kuidharau. Lakini ilihitaji kwanza mtu aone kwamba kumbukumbu yake mwenyewe ina upande, na wasomi wengi hufika uzeeni bila kuliona hilo.

Ukitoka Yanonge ukiendelea na mto unafika Yangambi, ambako Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933. Kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950 waangalizi walipita juma kwa juma chini ya miti takriban 2,000, wakiandika mti upi umechanua, upi unazaa, upi umepukutisha majani. Majedwali yale ya mkono yalilala kwenye kumbukumbu kwa miongo mingi. Mwaka 2015 mtafiti Koen Hufkens aliyaweka mtandaoni, na watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakaanza kuyanakili: mstari mdogo wa penseli unaanza juma gani, unaishia juma gani. Kazi hiyo inachosha macho vibaya. Waliouandaa mradi walijua hilo, kwa hiyo kila kipande cha jedwali kilisomwa na watu kadhaa, kisha majibu yakalinganishwa.

Naupenda mpango huo kwa sababu umekubali uchovu kama ukweli wa kazi. Hakuna aliyeambiwa ajitahidi asichoke. Mpango ulidhania kwamba msomaji atachoka, atakisia, ataona mstari aliouzoea mahali ambapo haupo, na ukajengwa kuzunguka hilo. Wapiga ngoma wa Kilokele walikuwa na busara ya aina hiyo zamani sana. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu, mtoni hapohapo, alieleza mwaka 1949 katika kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema kwamba ngoma hupeleka toni za maneno tu, za juu na za chini, na maneno mengi yana toni zilezile. Hivyo mpigaji hatoi neno moja na kumwachia msikilizaji abahatishe. Huliongezea maelezo marefu yaliyozoeleka, hadi kosa lisipate nafasi. Hakumdhania msikilizaji wake kuwa makini kuliko binadamu alivyo.

Sasa rudi kwenye dawati la mchambuzi wa Kisangani. Umeme umekatika tangu asubuhi, kama unavyokatika mara kwa mara mjini humo. Betri imebaki asilimia 14. Ripoti inatakiwa Ijumaa, kwa Kifaransa, na maswali yaliulizwa kwa Lingala na Kilokele. Kuna kaya moja inayosema imechoma magunia 200 kwa mwezi. Mkono unaelekea kwenye amri ya kuifuta.

Huenda kuifuta ni sahihi. Huenda aliyejaza fomu aliongeza sifuri. Huenda pia huyo ndiye mfanyabiashara mkubwa wa makaa anayelisha soko la Kisangani, na ukimfuta umefuta nusu ya habari ya msitu wa Yanonge. Kinachoamua katika dakika ile mara nyingi si takwimu. Ni betri. Mchambuzi aliyejizoeza kujitazama husikia haraka hiyo ikipanda, na anajua kwamba uamuzi wa haraka huegemea upande wa jedwali safi. Hafuti. Anaandika mstari mmoja daftarini: "Kaya yenye 200, nataka kuifuta, betri inaisha, sijamuuliza mwulizaji." Anazima mashine. Maneno hayo yasiyo ya kitaalamu yana thamani kuliko kurasa mbili za sura ya mbinu zinazosema kwamba data "ilisafishwa".

Daftari hilo lina ukurasa mwingine, ulioandikwa kabla ya faili kufunguliwa: natarajia nini, nani atafurahi nikikipata, nitafanya nini nisipokipata. Baadhi ya watafiti siku hizi husajili mipango yao mtandaoni kabla ya kuanza, na ni jambo zuri, ila usajili hukamata mpango tu. Haukamati lile burudisho la saa nne usiku grafu inapokaa vizuri. Mimi nimelifanya hilo kuwa kengele: nikiona matokeo yakinipendeza, nayakagua kwa ukali uleule ambao ningeyakagua kama yangeniudhi. Ni nidhamu inayouma, kwa sababu mtu hutaka kulala.

Tena kujitazama kuna mpaka wake, na hapo ndipo siwafuati wahubiri wa utulivu wa akili. Mtu hawezi kuona kisogo chake kwa kukaa kimya. Sifuri zile za nyama ya porini hazitafumbuliwa na mchambuzi aliyetulia. Zitafumbuliwa na mama anayeuza samaki Yanonge, akiulizwa juma lile mto ulikuwaje. Kama maji yalikuwa yamejaa na nyavu zikawa zinatoka tupu, basi kaya zile zilikula kitu kingine, na mtu hakukisema. Swali hilo linahitaji safari moja ya mtumbwi na ruhusa ya kuwasomea watu matokeo bila majina kabla ripoti haijafungwa. Miradi mingi haiweki fedha za safari hiyo. Huweka za warsha ya uzinduzi.

Nataka Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho watafiti wake wamefanya kazi pamoja na kituo cha utafiti wa misitu CIFOR katika mandhari ya Yangambi na kandokando yake, kiwe cha kwanza kudai ukurasa wa maamuzi katika kila tasnifu inayotumia data ya kaya: nini kiliachwa, lini, kwa sababu gani, na mwandishi alikuwa akitarajia nini. Najua pingamizi litakalotolewa, nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema mtahini ataufungua ukurasa huo kwanza na kumchapa nao mwanafunzi aliyesema kweli, ilhali aliyenyamaza atapita na sifa. Pingamizi hilo ni la haki, na linaonyesha mageuzi yaanzie wapi. Profesa anayesimamia tasnifu ana daftari zake mwenyewe, zenye namba alizozifuta na grafu alizozirudia hadi zikakaa. Auweke ukurasa wake mezani siku ya semina ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaambiwa aende Yanonge kukusanya chochote.